Kigingi Juu ya Bung'eda

Ninyi vijana wa karakana, mmekuwa mkisema kwamba mzee Bura alizuia mafuta ya nchi. Nimelisikia hilo sokoni Mbulu, nimelisikia nje ya kanisa hapa Nambis, na juzi mjukuu wangu kaniambia mmeliandika hata kwenye kundi lenu la simu, na mtu kaweka picha ya mzee amekalia pipa. Sawa. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, na kalamu ninayo. Shule nilifika darasa la tatu tu, la nne baba alinitoa nikachunge, kwa hiyo mkiona herufi imelala msiisimamishe, isomeni hivyo hivyo. Ila msinikatize.

La kwanza mlijue. Mtu anayetaka mafuta ya nchi hii kuliko wote waliokula wali wa semina ni mimi. Na sababu yangu sikuipata kwenye semina. Niliipata Bashay, kwenye shimo.

Niliingia kazi ya kuchimba visima vya maji nikiwa kijana mwenye nguvu na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Tluway, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha mtambo. Mtu mfupi, mweusi wa grisi, haongei. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." Akasema, "Marahaba. Onja." Alikuwa amenyoosha kiganja chenye tope lililotoka chini ya ardhi. Nikadhani ananitania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Nikaonja. Nikatapika pale pale mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Fundi akasema, "Umeonja grisi, hukuonja udongo. Onja tena."

Ndivyo nilivyofundishwa. Kila bomba moja likishuka, unachota konzi ya kinachopanda, unanusa, unasugua kwa kidole gumba, unaweka ulimini, kisha unapanga vifurushi kwenye ubao kwa mstari, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Udongo mwekundu, mfinyanzi, jiwe lililooza, jiwe zima. Nyie leo mnapiga picha na simu. Picha hailiwi. Fundi Tluway alikuwa akiujua mwamba wenye maji kwa ulimi kabla kipimo hakijasema, na alipokosea alikuwa akikitukana kipimo. Nyundo yake ya ratili nne alinikabidhi alipoacha kazi, mpini ameuchonga mwenyewe kwa mti wa mzeituni wa porini, haujawahi kupasuka. Cheo hakunipa, hakuwa na cheo cha kugawa.

Sasa shimo la Bashay. Tulikuwa tumefika nusu. Mlio wa mtambo ulikuwa mzuri, udongo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, Fundi alikuwa ameanza kupiga mluzi, na Fundi hakupiga mluzi bure. Watu wa kijiji walikuwa wanachota maji kwenye korongo pamoja na punda. Basi dizeli ikaisha. Tukatuma lori mjini, mjini hakuna. Tukatuma Babati, Babati foleni. Redioni wakasema huko mbali kwenye nchi zenye mafuta watu wanapigana, na meli haijafika. Mimi nilikuwa nimeshika spana Bashay, sijui hata hiyo nchi inakaa upande gani, lakini vita vyake vimenifikia mkononi.

Kwa asiyejua kazi hii nimweleze. Shimo likiwa bado changa halikai lenyewe. Linakaa kwa sababu mtambo unalizungusha tope, tope linashikilia ukuta. Ukisimamisha, tope linatulia, ukuta unabomoka, unayakaba mabomba huko chini. Tukayazungusha kwa mikono. Wanaume sita, zamu kwa zamu, kama kusukuma kinu. Kila asubuhi bibi mmoja alikuja na ndoo yake tupu, anaiweka chini, anakaa juu yake, anatuangalia. Siku ya nne akauliza, "Mnangoja nini?"

Fundi akamjibu, "Mafuta, bibi."

"Ya kupikia?"

"Ya mashine. Yanatoka nje. Uarabuni huko."

Yule bibi akacheka mpaka akashika goti. "Kumbe maji yangu yako hapa chini ya makalio yangu, yanangoja mafuta ya Waarabu!" Akachukua ndoo akaondoka. Mvua ikanyesha, shimo likabomoka, na mabomba yale yako huko chini mpaka leo. Kijiji kile kilikaa miaka mingi ndipo kikapata kisima kingine. Bibi hakukiona. Siku ile tuliyokunja kambi, tulipofika Endagikot, Fundi Tluway akasema, "Bura, siku wakiyatafuta hapa kwetu, nenda ukawabebee hata maji."

Basi msiniambie mimi habari ya kuzuia mafuta.

Miaka ikaenda. Nilichimba mpaka tambarare za Hanang kule chini, kwa Wadatoga, wenye ng'ombe. Nikajua njia zao, makorongo yao, nani anaongea na nani haongei. Kwa hiyo kampuni ya utafiti ilipokuja kutafuta mafuta chini ya ardhi, ofisi yetu ikaombwa mtu anayejua nchi, nikaazimwa mimi. Nilikuwa nimebakiza muda kidogo tu nistaafu. Siku naondoka karakana mnakumbuka ubishi uliotokea, maana wengi mlikuwepo. Sulle, huyu fundi wenu wa sola, ndiye aliyeanza.

"Mzee Bura, dunia inaacha mafuta, nyie ndo mnaanza?"

"Dunia gani? Iliyoacha mafuta imekuja hapa na nini, kwa miguu?"

"Laana hiyo mzee. Nchi zenye mafuta zote zinapigana."

"Na zisizo na mafuta zinapigwa. Chagua."

"Sola haipigani na mtu. Pale Endagikot pampu inavuta maji, haina dizeli, haina fundi mwenye kelele kama wewe."

"Hiyo nimeiona, na naiheshimu. Ila hiyo sahani ya sola imefinyangwa Nambis? Au nayo imekuja kwa meli?"

Mkacheka. Sulle naye alicheka, ni kijana mzuri, hajui kushika nyundo tu. Lakini neno lake moja lilinikaa: alisema, "Wakiyapata, mzee, watakuuliza wewe?" Nilimjibu kwa kelele, nikapanda gari.

Kazi kule ilikuwa hivi. Unapigwa mstari mnyoofu kwenye nchi, maili na maili, umechorwa ofisini kwenye kompyuta. Sisi wa mbele tunagonga vigingi vyenye utepe mwekundu. Nyuma yetu wanatandaza nyaya zenye vidude vya kusikilizia ardhi, na nyuma kabisa yanakuja malori mazito yanayotingisha nchi, vidude vinasikiliza mtetemo unavyorudi. Wanasema ndivyo wanavyoona kilichopo chini bila kuchimba. Nilitaka kuuliza kama kuna mtu anayeonja, nikaendelea kugonga vigingi. Bosi wetu tulimwita Injinia, kijana wa kwetu Tanzania, ametoka pwani, mpole, shikamoo yake haikosi, lakini mstari wake haupindi. Ukikuta mti, unapita. Ukikuta korongo, unapita. "Mzee, mstari ukipinda data inaharibika," ndivyo alivyosema kila siku.

Sasa ninalolisema hapa sijawahi kulisema kwenye karakana, na ndilo mlilolipindisha. Kigingi kile nilikigonga mimi.

Ilikuwa mchana, majani marefu, miiba mpaka kifuani. Injinia yuko nyuma na mashine yake ya kupimia, anapiga kelele hanioni. Mbele yangu kuna kichuguu kikubwa, kimelala, kimeota nyasi, na upande mmoja mchwa wamejenga kweli. Nikakipanda. Nikainua fimbo. "Hapo hapo mzee! Gonga!" Nikagonga. Pazuri, kuna upepo, Mlima Hanang unaonekana wote. Nikakaa, nikatoa kiazi kitamu changu cha kuchoma, nikala, maganda nikatupa. Nikashuka, nikaendelea.

Hakikuwa kichuguu. Ilikuwa bung'eda.

Sisi wa Nambis mtu wetu tunamfukia, tunamwekea msalaba, tunapanda na ua, umemjua alipo. Mdatoga aliyeheshimika hazikwi hivyo. Wanamjengea kilima. Ukoo unakuja, wakwe wanakuja, wanakipandisha kwa miti na udongo na samadi, kidogo kidogo kwa miezi mingi, na siku ya kukimaliza watu wanajaa tambarare nzima. Kikimalizika, hapandi mtu. Miaka inapita, mvua inakishusha, nguzo ya juu inaoza, nacho kinabaki kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mimi nimezunguka kwao miaka yote hiyo, nimeziona nyingi, mpya. Ya zamani ikanidanganya. Mtoto wao wa kuchunga asingekosea. Nilikosea mimi mtu mzima, mwongozaji, niliyeazimwa kwa sababu najua nchi.

Kesho yake asubuhi tulipoamka, mstari umejaa ng'ombe. Hawakuwa wakipita, wamesimamishwa. Wamesimama juu ya nyaya zetu, na mbele yao wazee na fimbo zao, na akina mama nyuma yao. Malori hayawezi kusogea. Aliyekuwa mbele ni mzee Gidahoda, ambaye ile bung'eda ni ya babu yake, na pembeni yake dada yake mkubwa, Udameshi, mama mrefu, shanga nyingi, jicho halipepesi. Gidahoda hakupiga kelele. Alisema tu ng'ombe hawataondoka mpaka ajue ni mguu wa nani uliopanda.

Injinia akaniita nyuma ya gari. Jasho limemtoka.

"Mzee wangu, nisikilize. Makao makuu wamenipigia. Tusipopita wiki hii malori yanahamishwa mkoa mwingine, na sijui kama yatarudi. Wewe si ndiye unayeyataka haya mafuta?"

"Ndiye."

"Basi sema hukupanda. Sema kigingi kilikuwa pembeni, mifugo ikakisogeza, au watoto. Wataachia. Ukisema ulipanda, tumekwisha. Mimi na wewe na mafuta yenyewe."

Vijana, nawaambia ukweli, nilijaribiwa. Nilimwona yule bibi wa Bashay na ndoo yake. Nilimwona Fundi. Neno dogo tu, "sikupanda," na malori yanapita. Nani angejua? Nikaona hata Mungu angeelewa, maana yeye ndiye aliyeyaweka hayo mafuta, kama yapo.

Tukaenda mbele. Gidahoda ananijua, tumekunywa wote. Akafungua mkono wake. Ndani mna maganda ya kiazi, yameungua upande mmoja.

"Bura," akasema, "ng'ombe hali kiazi cha kuchoma."

Wazee wengine wakaguna. Mmoja akasema, "Labda kimeanguka toka kwa ndege." Wakacheka kidogo, kile kicheko kisicho na furaha. Injinia akaanza, "Wazee wangu, inawezekana watoto wa shule..."

Udameshi akamkata. "Wewe nyamaza, baba. Hujaulizwa. Aliyekula ana mdomo."

Nikavua kofia. Nikasema, "Nilipanda mimi. Nilidhani ni kichuguu. Niligonga, nikakaa, nikala."

Ng'ombe mmoja akakojoa.

Gidahoda akaniuliza, "Ulikula ukamaliza?"

"Nikamaliza."

"Hukumwachia hata kidogo?"

"Sikujua yupo."

Udameshi akasema, "Babu yetu alikuwa mlafi. Hilo tu ndilo litakalomkasirisha." Hapo wakacheka kicheko kingine, cha kweli, lakini ng'ombe hawakuondoka. Nikaambiwa nirudi baada ya siku tatu, peke yangu, na asali, nikakitoe kile kigingi kwa mikono, bila chuma. Na mstari usimame mpaka hapo.

Injinia hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Mzee, umeifungia nchi mlango," akaandika barua, jioni ile ile nikarudishwa karakana. Mkanipa ufagio. Mlijua nimefukuzwa, ndipo maneno yenu yakaanza. Mzee kazuia mafuta. Mzee kahongwa ng'ombe. Ningehongwa ng'ombe, Sulle, ungemwona, ningemfunga hapo kwenye sola yako.

Siku ya tatu niliomba ruhusa, nikaenda kwa nauli yangu na dumu la asali. Nikapiga magoti, nikachimba kile kigingi kwa vidole. Nilikuwa nimekigonga kwa nyundo ya Fundi, kimezama, kucha mbili zikang'oka. Walikaa wakiniangalia, hakuna aliyenisaidia, na hawakutakiwa kunisaidia. Kilipotoka Gidahoda akamwaga asali, akasema maneno ya kwao ya kumtuliza babu. Kisha tukakaa chini mbali na pale, na ndipo akaniuliza lile ambalo hakuna injinia wala mwanasiasa aliyewahi kuniuliza.

"Unayataka kweli haya mafuta?"

"Nayataka. Nilipoteza kisima kwa kuyakosa."

"Hata mimi pikipiki yangu inayanywa," akasema. "Bei ikipanda huko yanakotoka, mimi hapa siwezi kumpeleka mgonjwa Katesh. Nani kakwambia hatuyataki? Kuna mtu katuuliza?"

Nikasema hapana.

"Basi mimi nimekataa kitu kimoja tu, kupitwa juu. Hao wenye malori wakitaka kupita kwetu, watangulie na mtu ambaye akikosea anasema. Wengine tumewaona."

Sasa angalieni. Ilipita wiki, malori hayajahamishwa mkoa wowote, yanakula jua pale pale, na ng'ombe wanapokezana. Injinia akatuma mtu, akakataliwa. Akatuma diwani, diwani akarudi na vumbi. Wiki ya pili gari la kampuni likaja mpaka shambani kwangu Nambis, nilikuwa likizo nang'oa viazi. Injinia mwenyewe akashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mlango umefunguka?"

Akacheka kwa shida. "Wanakutaka wewe. Bila wewe hakuna anayepita."

"Na mstari?"

Akaangalia viatu vyake. "Nimeongea na makao makuu. Unaweza kupinda kidogo."

Kidogo! Mstari uliokuwa haupindi kwa mti, haupindi kwa korongo, data ingeharibika! Nikamwambia akae juu ya gunia angoje. Nilimaliza tuta langu lote, na sikuharakisha. Muulizeni, yupo, atawaambia, nilimpa na kiazi.

Kwa hiyo mnaoniandika kwenye simu, andikeni na hili. Nchi ikitaka kuacha kuomba dizeli kwa watu, isianze kwa kuwakanyaga wake. Hiyo siyo siasa, ni kazi. Mimi nimeiona kwa mabomba: ukilazimisha shimo, linakukaba. Mtu wa ofisi akija kukuambia kwamba ni ama mafuta ama wazee na makaburi yao, mwambie ni mwongo, na umtajie jina langu. Na wewe Sulle ukisema ni laana, na wewe nakukatalia. Laana ni kuchota tope na punda ukiwa umekalia mali. Kama chini ya tambarare ile kuna mafuta mimi sijui, wanayasoma bado huko mjini kwenye kompyuta zao. Yakiwepo tuyachimbe. Yasipokuwepo tuambiwe wazi, na kwa lugha tunayoijua.

Nimalizie na ile siku. Tulitembea mbele mimi na Gidahoda na Udameshi, Injinia nyuma na mashine yake, na nyuma yake malori yananguruma kwa mbali. Kila mwinuko tukasimama. Huu? Mchwa. Huu? Mchwa. Huu? Wakanyamaza, tukazunguka, mstari ukapinda, na hakuna aliyekufa. Tulipofika karibu na bung'eda ya babu yao tukaikwepa mbali, mpaka kwenye mbuga nyeupe isiyo na kitu. Nikashika kigingi, nikainua nyundo. Udameshi akaninyang'anya. Akajifunga shuka vizuri, akakigonga mara tatu, kikaingia chote mpaka kwenye utepe, akanirudishia nyundo na kumgeukia Injinia.

"Hapa hatujalaza mtu," akamwambia. "Tingisheni."